Kukadiria si kubahatisha

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa dada yangu, Nkuhungu. Mwanawe wa darasa la nne alikuwa amelala kifudifudi mkekani na daftari lake la hisabati, dada amekaa kibarazani anachambua karanga za kutia kwenye mlenda. Swali lilimtaka mtoto achague kitu chochote nyumbani na kukadiria idadi yake. Akachagua bakuli la karanga, akauliza afanyeje. Dada akajibu bila kuinua uso: "Kadiria tu mwanangu, andika namba yoyote." Mtoto akaandika 500.

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno. Nayasikia sokoni Majengo, nayasikia kwenye vikao vya harusi mtu anapoulizwa wageni watakuwa wangapi, na ninaumia zaidi ninapoyasikia yakiambiwa mtoto, kwa sababu mtoto huyo atakua akiamini kwamba kuna sehemu ya hisabati ambayo jibu lolote ni sawa.

Kukadiria ni kutafuta idadi au kiasi kilicho karibu na chenyewe, bila kuhesabu kimoja kimoja, kwa kuanzia kwenye kitu unachokijua. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kinachopotea ni hicho kipande cha mwisho: kuanzia kwenye kitu unachokijua.

Neno lenyewe linatuambia. Kadiri tumelipata kutoka Kiarabu, na ndani yake mna kipimo. Tunaposema mtu ametoa kadiri ya uwezo wake, tunasema ametoa kwa kipimo cha uwezo wake, hakuokota kiasi hewani. Hata kadari, ambayo wengi huidhania kuwa ni jambo la kutokea tu, ni ya ukoo huohuo: ni kile ambacho Mungu amempimia mja wake. Sasa liweke neno hilo kando ya kubahatisha. Kubahatisha kumezaliwa na bahati, neno la asili ya Kiajemi, na anayebahatisha ameiachia bahati imfanyie kazi. Anayekadiria ameshika kipimo mkononi. Maneno haya mawili hayakuwahi kuwa ndugu, sisi ndio tumeyalaza kitanda kimoja.

Nilimwomba dada kikombe kidogo, kile cha kahawa. Tukakijaza karanga, tukazimwaga mkekani, mtoto akazihesabu akizisogeza kwa kidole mbilimbili: 118. Halafu akaanza kuchota kutoka kwenye bakuli, kikombe baada ya kikombe, akiweka alama ukingoni mwa daftari. Vikajaa vikombe tisa, cha kumi kikaishia nusu. Nikamwambia 118 ni namba ya kusumbua, aifanye 120. Mara tisa ni 1,080, na nusu kikombe ni 60, jumla 1,140. Akaikata ile 500 kwa mstari mmoja, akaandika "kama 1,100 hivi". Karanga zikaenda kinuni na hakuna aliyezihesabu zote. Lakini jibu lake lilikuwa na njia, na yeyote angeweza kuifuata njia hiyo na kumwambia alipokosea.

Hapa Dodoma hatuna kisingizio cha kutolijua neno hili. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni, redio zetu hutuletea sauti za mawaziri bungeni wakiwasilisha makadirio ya mapato na matumizi. Fedha za mwaka unaoanza Julai 1 hazijakusanywa, hakuna awezaye kuzihesabu, ndiyo maana zinaitwa makadirio. Na mbunge anaposimama kuhoji, anahoji kipimo: umetumia nini kufika kwenye namba hii? Namba yoyote tu ingekuwa halali, asingekuwa na la kuuliza.

Kuna pia mkanganyiko wa pili, na huu hata baadhi ya vitabu vya watoto vimeuchangia. Mtoto anaambiwa: kadiria 47 kwa makumi yaliyo karibu. Lakini 47 inajulikana! Hakuna cha kukadiria. Anachotakiwa ni kuichukua namba kamili aliyonayo na kuisogeza hadi kwenye kumi lililo karibu, yaani 50, ili iwe nyepesi kubeba. Mimi hupenda kusema tunaikaribisha namba. Anayekadiria hana namba kamili na anaitafuta iliyo karibu nayo. Anayekaribisha namba anayo kamili, ila ameamua kuacha sehemu yake.

Sensa ya Agosti 23, 2022 iliupa mkoa wa Dodoma watu 3,085,625. Watu hao walihesabiwa nyumba kwa nyumba. Ukisema mkoa ulikuwa na watu 3,086,000 umeikaribisha namba kwenye elfu. Ukisema milioni 3.1 ni sawa, milioni 3 ni sawa vilevile, kutegemea unazungumza na nani. Hujakadiria popote hapo.

Kanuni ya kukaribisha watoto wengi wanaijua: tazama tarakimu inayofuata upande wa kulia, ikiwa 5 au zaidi panda, ikiwa 4 au pungufu baki ulipo. Ile 5 yenyewe iko katikati kabisa, 45 iko mbali sawa na 40 na 50, kwa hiyo kuipandisha ni makubaliano tu. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la kupanda ngazi mbili. Mpe mtoto 2,449 aikaribishe kwenye mia. Ataanza na kumi, apate 2,450, kisha aone 5 na kupanda hadi 2,500. Lakini 2,449 imepita 2,400 kwa 49 na bado 51 kufika 2,500. Jibu ni 2,400. Tarakimu inayotazamwa ni ile 4 ya makumi, ile 9 ya mwisho haina sauti hapo.

Na takriban, maskini, ndilo neno linaloteseka kuliko yote. Utasikia mtangazaji akisema takriban wananchi 237 walihudhuria. Takriban na karibu zimetoka shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kuwa jirani na kitu. Ukisema takriban unamwambia msikilizaji kwamba namba hii iko jirani tu na ile halisi. Sasa 237 iko jirani na nini? Kama watu walihesabiwa wakafika 237, sema walikuwa 237. Kama hawakuhesabiwa, ile 7 ya mwisho umeitoa wapi? Sema takriban 240, au 200 na zaidi, nasi tutakuelewa.

Kwa hiyo, dada yangu, na wewe mzazi mwingine uliyekaa na mtoto jioni hii: akikuuliza namna ya kukadiria maharage, matofali uani au hatua za kufika kisimani, usimwambie aandike namba yoyote. Mwulize kwanza anajua nini, na kama hajui kitu, mpe kikombe.