Hedifoni ghali: unalipia nini hasa?

Wengi huamini kwamba hedifoni ikizidi bei, na sauti nayo huzidi uzuri. Sivyo. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alilinganisha vipimo vya hedifoni 283 na bei zake za madukani. Hakuona uhusiano kati ya bei na uwiano wa besi, sauti za kati na za juu.

Chukua zile zilizofunikwa nyuma. Kispika hutoa sauti pande zote mbili. Ile ya nyuma hunaswa ndani ya kikombe kinachofunika sikio, hugonga kuta, kisha hurudi kuichafua ya mbele. Kuituliza ni kazi ngumu kweli, na hapo fundi hodari anastahili ujira wake. Lakini mto laini unaokaa sikioni ukiacha upenyo kidogo tu, pengine kwa sababu umevaa miwani, besi huvuja, hata kama ulilipa dola 3,000 hivi, bei ya hedifoni ya Focal Stellia ilipotoka 2019.

Sony MDR-7506, ya tangu 1991, huuzwa karibu dola 100 na bado inatumika studioni. Haina urembo, na waya wake wa msokoto unaudhi. Ukipenda ngozi na alumini, nunua ya ghali. Hiyo ni raha ya kushika na kuvaa, si ya sauti.