Kasoro za nyumba kabla ya kukamilisha ununuzi

Wengi Kisumu na Nakuru huamini kwamba mnunuzi akishatia saini mkataba na kulipa malipo ya kwanza, kwa kawaida asilimia 10 ya bei, kasoro yoyote atakayoigundua baadaye ni mzigo wake peke yake. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa sheria kwa jumla humtaka mnunuzi aikague nyumba mwenyewe, na mikataba mingi husema inauzwa katika hali iliyopo.

Hata hivyo, kipindi cha kabla ya kukamilisha, yaani kabla ya kulipa salio na kuhamishiwa umiliki, mara nyingi siku 90, bado kina nafasi: wakili wa mnunuzi anaweza kumwandikia wakili wa muuzaji akiomba ukarabati, kupunguziwa bei, au sehemu ya fedha izuiliwe hadi kazi iishe. Muuzaji halazimiki kukubali, isipokuwa mkataba unamfunga au alificha ukweli kwa hila. Lolote litakaloafikiwa liandikwe na kutiwa saini, kwani ahadi ya mdomo ni vigumu mno kuitetea.

Ikiwa kasoro ni nyufa za ukuta, penye udongo mweusi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, weka alama ya penseli yenye tarehe kwenye ncha za kila ufa, pima upana wake, kisha urudi baada ya mvua. Ufa unaoendelea kupanuka wahitaji mhandisi, si rangi mpya.