Toleo jipya kila baada ya muda gani?

Mjadala wa ratiba ya mfumo endeshi huria kwa kawaida huanzishwa na wanaotaka vipya. Mimi ni mtunza vifurushi, yaani naandaa programu zinazoingia katika mfumo na kuzirekebisha, kwa hiyo huanzia upande wa pili: tunaweza kuhudumia, yaani kuendelea kurekebisha, matoleo mangapi ya zamani kwa wakati mmoja?

Ukitoa toleo kila miezi 6 na kuahidi kulihudumia kwa miezi 18, daima utakuwa na matoleo matatu mikononi. Tundu moja la usalama linageuka kazi tatu, tena zisizofanana. Kiraka, yaani rekebisho dogo la programu, kilichoandikwa kwa msimbo wa leo mara nyingi hakikubali msimbo wa mwaka jana. Lazima mtu auelewe upya, akiandike upya, akijaribu upya. Mtu huyo aghalabu anajitolea, baada ya saa za kazi inayomlisha. Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux, ilipofika toleo la 13.04, mwaka 2013, ilipunguza huduma ya matoleo yake ya kawaida kutoka miezi 18 hadi 9. Ratiba yake ya kutoa toleo kila Aprili na Oktoba haikuguswa. Kilichopunguzwa ni ahadi. OpenBSD, mfumo mwingine huria, nayo hutoa toleo kila miezi sita na kuhudumia matoleo mawili ya mwisho tu. Naiheshimu sana misimamo ya namna hii.

Basi si tutoe mara moja kila miaka mitatu? Hapana, kwa sababu muda mrefu huzidi kujirefusha. Msanidi anayejua kwamba akikosa toleo hili atasubiri miaka, ataisukuma kazi yake iingie hata ikiwa mbichi. Kazi mbichi huzaa hitilafu, hitilafu huahirisha toleo, na likiahirishwa wengine nao huomba nafasi. Chukua Debian, mfumo mwingine wa Linux: toleo la 3.0 lilitoka Julai 2002, na 3.1 ikasubiriwa hadi Juni 2005. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mifumo hiyo, ilitoa toleo la 2.4 Januari 2001, ikafika 2.6 Desemba 2003. Leo toleo lake jipya huja kila wiki tisa au kumi: mbili za mwanzo za kupokea mapya, zilizobaki za kurekebisha. Aliyekosa nafasi hana haja ya kugombana na mtu. Zamu nyingine iko karibu.

Kuna mifumo isiyo na matoleo kabisa, kama Arch, inayosasishwa mfululizo. Hiyo inamfaa anayeangalia mashine yake kila mara, si mwenye seva.

Ninachopendelea ni utaratibu wa Debian ya sasa: tarehe ya kufunga milango kwa mapya inajulikana mapema, lakini toleo lenyewe linangoja hitilafu nzito ziishe.

Kwa mradi mdogo ningependekeza toleo moja kwa mwaka, likihudumiwa miezi 15, ili watumiaji wapate miezi mitatu ya kuhama. Kabla ya kupitisha hata hilo, hesabuni ni wangapi waliotengeneza viraka vya toleo la zamani mwaka uliopita. Wakiwa wawili, msiahidi matoleo matatu.