Mamlaka ya Binadamu juu ya Viumbe katika Fasihi ya Uingereza, 1500–1700

Wahakiki wa fasihi wanapotaja mamlaka ya binadamu juu ya viumbe, hukusudia imani iliyoenea kwa karne nyingi miongoni mwa Wakristo wa Ulaya, kwamba Mungu alimpa mtu wanyama, mimea na ardhi ili avitiishe na kuvitumia. Msingi wake ni Mwanzo 1:28. Waandishi wa Uingereza wa karne ya 16 na ya 17 waliirithi imani hiyo, na ni wachache walioikana waziwazi; hata hivyo, baadhi yao waliiacha isutwe ndani ya kazi zao, wakati mwingine kwa kinywa cha mti wenyewe.

Wapo walioisifu bila wasiwasi. Katika shairi la Ben Jonson, "To Penshurst", linalosifu jumba la tajiri la mashambani liitwalo Penshurst na lililochapishwa mwaka 1616, mikunga huruka kutoka majini hadi mkononi mwa mvuvi, na kwale yu radhi kuuawa ili mwenye nyumba apate kitoweo. Ni sifa kwa tajiri, na kwale, bila shaka, hakuulizwa.

Tamthilia ya Shakespeare, As You Like It, ya takriban mwaka 1599, inaligeuza jambo hilo. Mtawala aliyepinduliwa na mdogo wake amekimbilia msitu wa Arden pamoja na wafuasi wake, nao huishi kwa kuwinda. Kulungu aliyejeruhiwa anafika ukingoni mwa kijito, machozi yakimtiririka puani na kudondokea majini. Jaques, mmoja wa wafuasi hao, anamtazama na kulia, kisha anaapa kwamba mtawala wake ni mnyang'anyi kuliko yule ndugu aliyempindua, kwa kuwa anawaua wanyama katika makao yao ya asili. Neno zito la siasa, yaani unyang'anyi wa kiti cha enzi, linatumika hapa kwa uwindaji. Lakini uwindaji haukomi, na baadaye ni Jaques huyohuyo anayetaka aliyemuua kulungu apelekwe mbele ya mtawala kama mshindi wa Kirumi. Kwa maoni yangu, kigeugeu hicho kinaueleza msimamo wa zama hizo kuliko machozi yenyewe.

Margaret Cavendish alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mashairi cha mwaka 1653, ambamo mwaloni unajibizana na mtu anayeukata. Mti unamkumbusha kivuli uliompa wakati wa jua na hifadhi wakati wa mvua. Mtu anauahidi heshima ya kuwa merikebu au jumba, nao unazikataa zote mbili, kwa kuwa merikebu huelemewa na shehena na jumba hupigiliwa misumari. Ubishi huo haukuwa wa kubuni tu, kwani mbao za mwaloni ndizo zilizounda meli za vita za Uingereza, na mwaka 1664 John Evelyn alichapisha kitabu chake Sylva, akiwahimiza wenye mashamba wapande miti ili jeshi la majini lisikose mbao.