Maji Hupita Wapi Ndani ya Kiunzi cha Seli

Chukua dodoki kavu la kuogea, kata kipande cha urefu wa kidole, libane ndani ya bomba kisha mimina maji yenye rangi. Maji hayapiti kila tundu. Yanakimbilia vile vyumba vilivyokuwa na mbegu, na kuna nyuzi zinabaki nyeupe mpaka jagi linaisha.

Kiunzi cha kuoteshea tishu ya mfupa ni kama dodoki dogo: silinda ya kauri yenye matundu ya maikromita 300 hivi, yaani karibu theluthi ya milimita. Seli hupandwa humo. Sasa, oksijeni haisafiri mbali yenyewe. Seli ikiwa zaidi ya maikromita 200 hivi kutoka inakopatikana, huanza kudhoofika. Kiunzi cha unene wa sentimita moja ukikiacha kwenye sahani, seli za juu hustawi na za katikati hufa njaa. Ndiyo maana tunapitisha maji ya lishe kwa pampu.

Yakipita polepole mno, lishe haifiki. Yakipita kwa nguvu, yanazing'oa seli. Katikati ya hapo kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii: seli za mfupa huhisi maji yanavyozikwaruza, na mkwaruzo mdogo huzichochea kujenga mfupa. Huwezi kuchomeka kipimo ndani ya kitundu kile, kwa hiyo tunakokotoa. Kiunzi hupigwa eksirei ya pande tatu, nafasi zake za wazi hugawanywa vipande vidogo mamilioni, na kompyuta hutatua milinganyo ya Navier na Stokes, ile inayoeleza mwendo wa vimiminika, kipande kwa kipande. Mimi hutumia OpenFOAM, programu ya kompyuta ya kukokotoa mtiririko, ambayo ni ya bure.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali lililoninyima usingizi. “Mwalimu, pampu inasoma vilevile tulivyopanga. Mbona katikati seli zimekufa?” Modeli yangu ilikuwa inaonyesha maji yakifika kila mahali. Nikagawanya vipande vidogo zaidi, nikaendesha upya usiku kucha. Picha ileile.

Tukaamua kupitisha maji ya rangi kwenye kiunzi kisicho na seli. Rangi ilitokeza upande wa pili kama pete, ukingoni kabisa. Kati ya kiunzi na ukuta wa chemba kinamokaa kulikuwa na mwanya wa milimita 0.3, nami kwenye modeli nilikuwa nimechora kiunzi kilichobana kabisa.

Anayeishi kando ya ziwa letu hapa Mwanza ameshaona jambo hili. Pale mwaloni, wavuvi wakifyeka njia ya mtumbwi katikati ya mafunjo, maji huingia na kutoka kwa njia hiyo. Hatua mbili ndani ya mafunjo, yametulia na yana utando juu.

Hesabu yake inafanyika hata kwenye karatasi. Mhandisi Henry Darcy alichapisha mwaka 1856 kanuni ya maji kupita kwenye mchanga, baada ya majaribio yake Dijon, Ufaransa, na kiunzi nacho huifuata kwa sababu mwendo ni wa taratibu sana. Kiunzi chetu kina kipenyo cha milimita 10. Mwanya ulikuwa na eneo la karibu moja ya nane tu ya eneo la kiunzi, lakini ulikuwa unameza karibu nusu ya maji yote. Katika mwanya mwembamba, upana ukiongezeka mara mbili, maji huongezeka mara nane kwa presha ileile. Kwa hiyo sehemu ndogo ya milimita si ya kupuuzwa, na pampu haitakwambia kitu, maana yenyewe inajua jumla tu.

Tulikivika kiunzi mpira wa silikoni. Nikachora chemba upya kama ilivyo, na mpira wake.

Kilichobaki mezani kwangu ni kigumu zaidi. Seli zikistawi hujaza matundu. Tundu la maikromita 300 likisinyaa hadi 150 huku kiasi kilekile cha maji kikipita humo, mkwaruzo ukutani hupanda mara nane. Seli zilizokuwa zinabembelezwa wiki ya kwanza zinaweza kung'olewa wiki ya tatu. Wiki hii naandika sehemu ya modeli inayoziba matundu kidogo kidogo, ili tujue ni siku gani pampu ipunguzwe.