Ugonjwa wa shaba: unga wa kijani unaorudi kwenye nishani

Shangazi yangu alikuwa na dawa moja kwa kila kitu cha shaba pale nyumbani Ilala: nusu ndimu iliyochovywa kwenye chumvi. Masinia yalipata, birika likapata, na siku moja kabla ya Idi ikapata zamu yake nyota ya Burma ya babu, nishani ile ya pembe sita aliyopewa kwa kupigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika (King's African Rifles). Iking'aa hivyo, nani angelalamika? Masika yalipoingia, pembe mbili za nyota zikaota vidoa vya unga wa kijani kilichopauka, laini kama poda ya mtoto. Tukaufuta. Haukupita mwezi ukarudi palepale, na safari hii chini yake palikuwa na kishimo.

Wahifadhi wa makumbusho huuita huo ugonjwa wa shaba. Hakuna kijidudu hapo, ni kemia tupu. Chumvi ina kloridi, na kloridi ikipenya kwenye vinyweleo vya shaba huungana nayo na kutulia humo. Pakiwa pakavu inaweza kukaa miaka bila kusumbua. Ikipata unyevu na hewa hugeuka ule unga wa kijani, na katika kugeuka hutoa asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo hula shaba isiyoumwa iliyo chini na kutengeneza kloridi nyingine, kisha mambo huanza upya. Kwa hiyo kufuta unga ni kama kudeki huku bomba linavuja. Ndimu ya shangazi ilivua utando wa juu, chumvi yake ikabaki ndani.

Si kila kijani au weusi ni ugonjwa, na hapa ndipo wengi huharibu vitu vyao. Shaba ikizeeka vizuri hujivika utando mgumu, wa kahawia, mweusi au kijani kilichokolea, ulioshikamana na shaba yenyewe. Rangi ya giza ya Sanamu ya Askari pale barabara ya Samora, Dar, iliyosimama tangu 1927, si uchafu wa kusuguliwa. Chukua kijiti cha meno upitishe taratibu: utando wa uzee haubanduki, unga wa ugonjwa hutoka na kuacha kidonda. Ukiwa bado na shaka, fungia nishani siku mbili kwenye chombo chenye pamba iliyoloweshwa maji pembeni, isiyoigusa. Kloridi ikiwa hai, unga mpya utaonekana.

Dar ina kila kinacholisha ugonjwa huu. Upepo wa bahari hubeba chumvi, jasho la vidole lina chumvi, na maji ya visima vingi vya mjini tunajua wenyewe yana ladha gani. Unyevu wa hewa mara nyingi huzidi asilimia 70, wakati ugonjwa huu hulala ukishuka hadi kama 40. Chumba kizima huwezi kukikausha bila kiyoyozi na bili yake, lakini boksi moja unaliweza.

Anza kwa kuvua utepe, maana maji huchujisha rangi zake. Ondoa unga kwa mswaki laini, suuza kwa maji ya betri (yale meupe yaliyosafishwa, ukikosea ukatumia asidi ya betri umeimaliza mwenyewe), kisha kausha kabisa. Kusuuza hupunguza kloridi tu, hakuiondoi yote. Kinachoituliza ni ukavu, basi iweke kwenye chombo cha chakula chenye kifuniko kinachobana, pamoja na silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu. Vile vifuko vya ndani ya maboksi ya viatu vya Kariakoo kwa kawaida vimeshanywa unyevu wao zamani, usivitegemee. Nishani inayoumwa ikae boksi lake, mbali na nzima.

Albamu za plastiki laini zenye harufu kali ya upya sizipendi hata kidogo. Nyingi ni za PVC, ambayo ikichakaa hutoa asidi na mafuta yanayonata, na beji za zamani, zikiwamo za TANU, hutoka humo na ute wa kijani. Sanduku la mbao mbichi au la ubao wa unga wa mbao nalo hutoa mvuke wa asidi. Nishani za fedha zina adui mwingine, salfa, inayotoka kwenye mpira na sufu na kuzifanya nyeusi. Weusi huo hauli kama kloridi, na kila unapousugua unaondoa fedha kidogo na maandishi yake. Pini za chuma hupata kutu ya kawaida. Utepe uhofie mwanga wa dirisha.

Nyota ya babu haing'ai tena, na shangazi kila akija hunilaumu kwa hilo. Naishika ukingoni tu, kwa glovu. Silika jeli yangu ni ya chembe za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba unyevu, nami huzikausha kwenye oveni, nyuzi 120, saa mbili hivi. Mwaka huu zimeshageuka mara mbili na masika hayajaisha.