Mstari wa rap unapomcheka mwanamke

Ukimuuliza kijana kwa nini anarudiarudia mstari unaomdhalilisha mwanamke, atakujibu upesi: ni utani tu. Jibu hilo lisipuuzwe, maana utani kwetu ni jambo zito lenye kanuni zake. Mtani anaweza kuigiza mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa na asigombwe na mtu. Mpare na Mchaga hutaniana kwa maneno ambayo wengine wangeyapeleka polisi. Wanavumiliana kwa sababu anayetaniwa leo ana haki ya kurudisha kesho, na pengine papo hapo.

Rap nayo ilikulia katika majibizano ya namna hiyo. Mwaka 1984 kundi la UTFO kutoka Brooklyn, New York, lilitoa wimbo kuhusu msichana aitwaye Roxanne. Wanaume watatu wanamtongoza kwa zamu, kila mmoja akijigamba kuliko mwenzake, na msichana hababaiki. Kinachochekesha hapo kwa sehemu kubwa ni majigambo yao yanayogonga mwamba. Mwaka huohuo binti wa miaka 14 kutoka mtaa wa Queensbridge, New York hiyohiyo, Lolita Shanté Gooden, alijiita Roxanne Shanté, akarekodi jibu nyumbani kwa prodyuza Marley Marl na kuwachambua wale watatu. Maneno yalikuwa makali pande zote mbili, lakini mwanamke alikuwa na jina, ana akili ya kukataa, na ana mdomo wa kujibu.

Sasa linganisha na kilichotokea Florida miaka michache baadaye. Mwaka 1989 kundi la 2 Live Crew la Miami lilitoa albamu iliyojaa ngono na matusi kwa wanawake. Juni 1990 jaji wa mahakama ya shirikisho aliitangaza kuwa chafu kisheria, uamuzi uliotenguliwa na mahakama ya rufaa mwaka 1992. Siku chache baada ya tangazo hilo wanakundi walikamatwa kwa kuziimba nyimbo hizo jukwaani. Kesi yao iliposikilizwa Oktoba 1990, wazee wa baraza walimwandikia jaji kikaratasi wakiomba ruhusa ya kucheka wakati kanda zinachezwa. Wakaruhusiwa, na mwisho washtakiwa wakaachiwa huru. Msomi wa fasihi Henry Louis Gates Jr. alikuwa ametoa ushahidi upande wa utetezi, akieleza kwamba kutia chumvi na kukejeli ni desturi ya siku nyingi miongoni mwa Wamarekani Weusi.

Mwanasheria Kimberlé Crenshaw, mwanamke Mweusi, alikataa pande zote mbili. Alipinga vijana hao kushtakiwa, akahoji kwa nini mchekeshaji Mzungu aliyesema machafu ya aina hiyo hakuguswa. Lakini hakukubali hoja kwamba kicheko kinasafisha maneno. Mzaha wa kibaguzi dhidi ya Weusi hauachi kuwa wa kibaguzi kwa kuwa aliyeusema alikuwa anacheka. Kwa nini basi mwanamke Mweusi aambiwe avumilie mzaha unaomdhalilisha yeye? Mimi nasimama na Crenshaw. Katika nyimbo zile mwanamke hana jina wala neno. Anafanyiwa mambo, wanaume wanachekeana juu ya kichwa chake, na wimbo unaisha.

Wapo wanaosema maneno hayajengi wala hayabomoi. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Thomas Ford na wenzake walichapisha majaribio yanayostahili kujulikana zaidi. Wanaume waliokuwa tayari na uadui kwa wanawake walipopewa vichekesho vya kuwadharau wanawake, utayari wao wa kuchangia shirika la wanawake ulipungua. Waliposoma dharau ileile ikiwa imeandikwa wazi bila mzaha, hali haikuwa hivyo. Kicheko hakimgeuzi kila anayesikiliza kuwa mnyanyasaji. Kinampa ruhusa yule ambaye chuki tayari anayo, kwa kumwonyesha kwamba hapa jambo hili halichukuliwi kwa uzito.

Hapa Afrika Mashariki tumeshaliona. Novemba 2019 kundi la Ethic la Nairobi, mojawapo ya makundi yaliyoipaisha gengetone, muziki wa vijana wa mitaani Kenya, lilitoa wimbo “Tarimbo”. Wakenya wengi walisikia ndani yake ubakaji ukisifiwa, wakapaza sauti. Wimbo ukaondolewa YouTube na kundi likaomba radhi. Baadhi ya mashabiki walilalamika kwamba watu hawajui mzaha wa mtaani. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu walipofika miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Ukiuimba mzaha huo mbele ya umati, jua kwamba wamo humo wanaosikia habari yao wenyewe.

Tusidanganyike pia kwamba kipimo ni matusi. Zipo nyimbo zisizo na tusi hata moja, zinapigwa redioni mchana kweupe, na mwanamke ndani yake ni mzigo ulionunuliwa na sasa unadaiwa risiti. Na ipo kejeli kali isiyomdhalilisha mnyonge yeyote: Professor Jay alipoimba “Ndiyo Mzee” mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliyechekwa alikuwa mwanasiasa wa ahadi hewa, mtu mwenye jukwaa lake na kipaza sauti chake.

Kwa walimu na walezi wa vikundi vya vijana, kufungia nyimbo peke yake hakufundishi kitu. Wimbo utahamia kwenye simu. Afadhali uletwe darasani, mashairi yasomwe bila mdundo, na vijana waulizwe ni nani anayechekwa na kwa kosa gani. Kisha wasichana wapewe mdundo uleule na mistari 16 ya kujibu, na wavulana wakae wasikilize mpaka mwisho bila kukatiza. Mwalimu asiwasahihishe ukali wa maneno mapema. Mazungumzo yaanze baada ya jibu kusikika lote.